Karani wa usajili ajue skima ya saraka, au programu ndiyo imfichie?

#1 FundiWaKondele (Kisumu)

Wadau, salamu. Ninatunza saraka ya wafanyakazi ya taasisi moja hapa mjini, watu mia nne na kitu. Seva ni OpenLDAP, programu ya kuhifadhi saraka, na fomu ya kusajili niliiandika mwenyewe: jina la kwanza, la kati, la mwisho, simu, idara, baruapepe. Wiki jana nilikuwa natafuta mtu, kidole kikateleza, nikatafuta nukta peke yake kwenye jina la mwisho. Wakaja watu sitini na mmoja. Watu sitini na mmoja ambao jina lao la mwisho ni nukta!

Nikamwendea karani anayesajili. Hakunificha kitu. Akasema: "Saa kumi na moja jioni nesi yuko mlangoni, anaingia zamu ya usiku, na bila akaunti hafungui mfumo wa wagonjwa. Kitambulisho chake kina majina mawili tu. Nimejaza la kwanza na la kati, fomu inakataa. Nikaweka nukta, ikakubali."

Sasa meneja anataka makarani wote wakalishwe siku mbili wafundishwe skima, yaani kanuni za mpangilio wa saraka: aina za rekodi, sifa za lazima, sifa za hiari. Mimi naona fomu yangu ndiyo iliyomfikisha hapo, na kumfundisha yeye ni kumtwisha mzigo wangu. Lakini pia sijui nimfiche kiasi gani. Mstari mngeupitisha wapi?

#2 NyarDunga (Kisumu)

Ficha yote. Karani hakuajiriwa kujua objectClass, hizo aina za rekodi. Tangu 2007 mama muuza omena anatuma pesa kwa M-Pesa na hajawahi kuulizwa kumbukumbu zinapangwaje huko ndani. Anaona: tuma pesa, namba, kiasi, namba ya siri. Fomu yako ingekuwa hivyo usingepata nukta hata moja.

#3 MwalimuWaShinyalu (Kakamega)

#2 dada, huo mfano unakugeuka. Huyo mama amefundishwa skima, tena vizuri, ila hakuna aliyeiita hivyo. Mwulize tofauti ya Paybill na tili, njia mbili za kulipa biashara kwa M-Pesa. Atakuambia Paybill inataka namba ya biashara na namba ya akaunti, tili haitaki akaunti. Hiyo ndiyo sifa ya lazima kwa aina moja na isiyokuwepo kwa aina nyingine.

Na asiyeijua anaumia. Shuleni kwetu wazazi wanalipa karo kwa Paybill. Mahali pa akaunti wanatakiwa waandike namba ya mwanafunzi. Kila muhula kuna mzazi anayeandika jina lake mwenyewe, au namba ya kaka mkubwa aliyemaliza kidato cha nne. Pesa imefika, mtoto bado anaitwa ofisini. Tumekuwa tukibandika karatasi ukutani na kuwaeleza wazazi kwenye mkutano, na waliosikia maelezo hawarudii kosa. Kwa hiyo mafunzo yana kazi yake.

#4 NyarDunga

Mwalimu, mzazi anayekosea kila muhula si ushahidi kwamba anahitaji kufundishwa. Ni ushahidi kwamba kile kiboksi kinapaswa kumwuliza "namba ya mwanafunzi" badala ya "akaunti". Kiite kwa jina lake uone.

#5 SevaYaNakuru (Nakuru)

Kabla hatujagombana, tujue nukta ilitoka wapi. Haikutoka kwa karani, na si kwa fundi peke yake. Aina inayoitwa person inalazimisha vitu viwili: cn, yaani jina zima, na sn, jina la ukoo. Hiyo imerithiwa kutoka X.500, viwango vya saraka vya 1988 vilivyoandikwa na watu wa mawasiliano ya simu. LDAP ikaja 1993 kutoka Chuo Kikuu cha Michigan kama njia nyepesi ya kuifikia X.500, na toleo la tatu likatoka 1997. Aina inayotumika sana leo, inetOrgPerson, iliandikwa mwaka 2000 na inarithi kutoka person, kwa hiyo nayo inadai sn. Ukiinyima, seva inarudisha kosa namba 65, na maelezo yake ni ya Kiingereza cha mafundi.

Kwa kifupi, waliokaa 1988 walidhani kila binadamu ana jina la ukoo linalojitenga na mengine. Saraka zote duniani zimebeba dhana hiyo mpaka leo.

#6 KijanaWaBungoma (Bungoma)

#5 umesema vyema lakini "zote" si kweli. Active Directory, saraka ya Microsoft iliyokuja na Windows 2000, hailazimishi sn. Kwake person inadai cn tu, sn ni ya hiari. Karani wa #1 angekuwa huko asingeweka nukta.

Usifurahi haraka lakini. Huko telephoneNumber inabeba thamani moja tu, na namba za ziada zinakaa kwenye sifa nyingine iitwayo otherTelephone. Tulipohamisha watu kutoka OpenLDAP, ambako mtu mmoja anaweza kuwa na namba tano mahali pamoja, programu yetu ndogo ya kuhamisha ilichukua namba moja na kuacha nyingine. Kila mtu hapa ana laini mbili. Tulipoteza namba za pili za karibu kila mtu, na hakuna aliyejua mpaka usiku mmoja daktari wa zamu akatafutwa kwa laini aliyokuwa ameizima.

Na katika hilo fomu haikuwa na kosa, karani hakuwa na kosa. Aliyekosa kujua skima ni mimi.

#7 SevaYaNakuru

Nimekubali, #6. Nilikuwa na OpenLDAP kichwani. Asante.

#8 OmwanaWaMumias (Mumias)

Mulembe. Mnasema fomu iite kitu kwa jina lake. Ngoja niwape kisa.

Tulikuwa tunasajili wanachama wa kikundi cha wakulima wa miwa. Kijana wetu, mwenye bidii sana, akatafsiri fomu yote kwa Kiswahili. Pale pa sn akaandika "Jina la ukoo". Tafsiri sahihi, kamusi inamuunga mkono. Wazee wakaja, wakaulizwa jina la ukoo, wakajibu walichoulizwa. Mzee mmoja yumo kwenye saraka kama Abashitsetse. Ndiyo, ni ukoo wake, ukoo wa Nabongo, mfalme wa Wawanga, kabisa, na yeye na jirani zake nusu kijiji wako chini ya jina hilo hilo. Ukimtafuta kwa jina analoitwa barazani humpati.

Kwa hiyo kabla ya kufundisha mtu skima, mwulize huyo sn ni nini kwetu.

#9 FundiWaKondele

😂 #8 umeniokoa, nilikuwa nimeshaandika "Jina la ukoo" kwenye toleo jipya. Nifute.

Basi niweke nini? "Jina la baba"? Kwetu Waluo la tatu mara nyingi ni la baba, lakini wengine wanaandika la babu ambalo familia nzima imelichukua. Kuna wanaotumia la mume. Na huyo nesi wa majina mawili, Atieno ni jina lake mwenyewe, alizaliwa usiku. Si la baba wala la ukoo. Nikiliweka kwenye sn nimedanganya, nikiweka nukta nimedanganya.

#10 ChepKapsabet (Nandi)

Na arap, yaani "mwana wa", mtaiweka wapi? Babu yangu ni arap Koech. Mfumo mmoja ukaweka "arap" kama jina la kati, mwingine ukaiunganisha "Arapkoech", wa tatu ukaiacha. Ni mtu mmoja, ana rekodi tatu, na alipokwenda kufuatilia malipo yake aliambiwa alete hati ya kiapo kuthibitisha kwamba hao watatu ni yeye. Mzee wa miaka themanini na mbili, nauli yake, kwa wakili.

Samahani nikisema kwa uchungu. Tunaongea hapa kama ni mambo ya viboksi.

#11 MwalimuWaShinyalu

Pole sana, Chep. Mfikishie mzee salamu.

#12 KaraniWaMafaili (Nakuru)

Nimesoma kuanzia juu. Mimi ni karani, miaka kumi na minne kwenye rekodi za wafanyakazi. Mnatujadili kama wanafunzi ambao hawajafika darasani.

Ninajua skima. Ninajua mtu mmoja ana simu mbili na moja ni ya mume. Ninajua mwenye mkataba ana namba ya kazi inayoanza tofauti na ya mwajiriwa wa kudumu, na akithibitishwa anapewa mpya. Ninajua idara mbili zina jina moja lakini ziko majengo tofauti. Hayo yote hayamo kwenye programu zenu, na nikieleza naambiwa "jaza tu sehemu zenye alama nyekundu".

Niwape mfano. Dada mmoja aliolewa, akaleta cheti cha ndoa na ombi rasmi la kubadilisha jina. Fomu iliniruhusu. Nikabadilisha jina, nikabonyeza hifadhi, kijani, sawa. Kesho yake hawezi kuingia kwenye faili za idara, yuko nje ya makundi yote. Ikachukua siku nne. Fundi wetu akaniambia nimeharibu. Nimeharibu vipi kitu ambacho programu iliniruhusu na ikanijibu kwa kijani?

Sitaki siku mbili za objectClass. Lakini pia sitaki kufichwa. Nilitaka sentensi moja pale: ukibadilisha jina hili, makundi yake yatakatika.

#13 KijanaWaBungoma

#12 hukuharibu wewe. Nieleze kwa wasiojua: waliijenga saraka hiyo kwa kutumia jina la mtu kama anwani ya rekodi yake. Makundi hayakumbuki mtu, yanakumbuka anwani. Ukibadilisha jina umehamisha nyumba, na makundi bado yanabisha hodi kwenye ile ya zamani. OpenLDAP ina nyongeza inayoitwa refint ya kurekebisha hayo yenyewe, lakini lazima mtu aiwashe. Active Directory inarekebisha bila kuombwa.

Dawa ni kutotumia jina kama anwani. Tumia namba ya kazi.

#14 KaraniWaMafaili

Namba ya kazi inabadilika, nimesema hapo juu.

#15 KijanaWaBungoma

Ni kweli umesema. Basi tumia uid, ile ya kuingilia kwenye mfumo, na usiitengeneze kutokana na jina.

#16 SevaYaNakuru

Hapo ndipo ninapotofautiana na wa "ficha yote". Kisa cha #12 ni cha programu iliyoficha vizuri mno. Fomu safi, kitufe kimoja, rangi ya kijani, na nyuma yake tendo zito kuliko yote kwenye saraka. Kubadilisha simu na kubadilisha jina vilionekana sawa machoni, na seva inavichukulia kama vitu viwili tofauti kabisa. Kiolesura, yaani kile anachokiona mtumiaji, kikivifanya vifanane kimemdanganya karani.

#17 NyarDunga

Au kilifichwa nusu. Kingefichwa kikamilifu programu ingerekebisha makundi yenyewe na dada wa watu angeendelea na kazi. Mnalaumu kuficha, mimi nalaumu uvivu wa aliyeficha.

#18 BodaWaTech (Kitale)

Niongeze upande mwingine: kiolesura kinachojua zaidi ya skima. Skima inakubali karibu namba yoyote ya simu. Lakini programu nyingi za hapa mtu aliandika kanuni yake mwenyewe: lazima ianze na 07, tarakimu kumi. Mwaka 2019 zikaja namba za 010 na 011. Saraka haina shida, seva haina shida, fomu inasema "namba si sahihi". Vijana wapya wote wana 011. Mnajua makarani walifanya nini? Walibadilisha 1 kuwa 7. Namba imekubaliwa, ni ya mtu mwingine.

Ni nukta ile ile ya #1, imevaa nguo nyingine. Na hapa skima haina hatia hata kidogo.

#19 FundiWaKondele

Eeh. Hiyo ni mbaya kuliko nukta. Nukta unaitafuta unaipata.

#20 MzeeWaPosta (Kisumu)

Vijana, hamjambo. Nilifanya kazi za simu kabla shirika la posta na simu halijagawanywa 1999. Saraka yetu ilikuwa kitabu kinene. Kila aliyeingia ofisini alijua kukitumia, na hakuna aliyepelekwa semina. Alifungua, akaona majina yanafuatana kwa alfabeti, akaelewa. Mpangilio ulikuwa unaonekana kwa macho. Nyinyi mpangilio mmeuweka kwenye chumba chenye kufuli halafu mnauliza kama wateja wafundishwe.

Jambo lingine. Sehemu ya mkoa bado ipo kwenye programu zenu? Mjukuu wangu alikuwa anajaza kitu juzi, akatakiwa achague Nyanza.

#21 SevaYaNakuru

Shikamoo mzee. Ipo. Sifa inaitwa st, jimbo au mkoa. Skima haisemi uweke nini humo, maneno tu. Kabla ya serikali za kaunti kuanza 2013 watu waliandika Nyanza na Rift Valley, baadaye Kisumu na Nakuru. Nimeona saraka ambamo wafanyakazi wa jengo moja wako Nyanza, Kisumu, Kisumu County na KSM. Ukitafuta "wote wa Kisumu" unapata robo yao. Hapo skima imeacha mlango wazi, na ni kiolesura kilipaswa kuweka orodha ya kaunti 47 mtu achague.

#22 BodaWaTech

Kwa hiyo kwa simu kiolesura kilibana mno, kwa mkoa kililegeza mno. Nani anaamua?

#23 OmwanaWaMumias

Anayeamua ni yule atakayepigiwa simu usiku.

#24 KijanaWaBungoma

Kuna njia ambayo hakuna aliyeitaja. Tangu toleo la tatu, seva ya LDAP inaitangaza skima yake yenyewe. Programu inaweza kuiuliza: aina hii inataka nini, nini ni lazima, nini kinabeba thamani moja. Halafu ichore fomu kutokana na jibu. Ukibadilisha skima, fomu inajibadilisha. Hakuna mtu wa kukisia.

#25 FundiWaKondele

Nilijaribu hiyo mwaka jana! Nikamwonyesha karani. inetOrgPerson kamili ina sehemu ya teleksi. Ina faksi. Ina namba ya usajili wa gari. Akaniuliza teleksi ni nini, nikashindwa kumjibu. Mzee #20 labda.

#26 MzeeWaPosta

Teleksi ninaijua vizuri. Lakini mwache huyo binti, hataihitaji.

#27 ChepKapsabet

Angalieni simu zenu, sehemu ya majina. Yangu ina "Wekesa Fundi Bomba", "Mama Brian Maziwa", "Otieno Boda Stendi", "Usichukue". Simu ina kiboksi cha kampuni, cha cheo, cha anwani. Hakuna anayevigusa. Kila mtu ameweka jina, kazi na mahali kwenye kiboksi kimoja, na anampata fundi bomba ndani ya sekunde mbili. Hiyo pia ni skima, na hatukuletewa na mtu yeyote.

Kama makarani sitini na mmoja wameandika nukta, pengine wanawaambia kitu.

#28 FundiWaKondele

Karani ni mmoja, nukta ndizo sitini na moja 🙂 lakini nimekuelewa.

#29 MwalimuWaShinyalu

Chep, nakupinga kidogo. Simu yako unaitafuta wewe peke yako. Siku "Otieno Boda Stendi" atakapotakiwa kupata mshahara, mtahitaji kukubaliana jina lake ni lipi. Saraka ni ya watu wengi, na watu wengi hawawezi kuelewana bila kufundishana. Bado niko na meneja wa #1, ila nusu siku badala ya siku mbili, na afundishe aliye kama #12, si fundi.

#30 NyarDunga

Na mimi bado niko pale pale. Ila #12 amenifanya nifikirie kuhusu ile sentensi moja. Kuficha si lazima kuwe kunyamaza.

#31 FundiWaKondele

Taarifa fupi wadau. Nimeondoa viboksi vitatu vya jina, nimeweka kimoja: "Majina kama yalivyo kwenye kitambulisho". Vitambulisho vya zamani, kabla ya Maisha Card, vina mstari mmoja wa majina kamili, havigawi. Kiboksi hicho kinakwenda cn na displayName, jina linaloonekana. Kwa sn programu inachukua neno la mwisho bila kumwuliza mtu, kwa sababu seva lazima ilishwe, na hakuna anayetafuta kwa sn tena, utafutaji unaenda kwenye jina zima. Nukta zimebaki tisa, za watu ambao faili zao za karatasi hazijapatikana.

Ninajua #10 atasema "Koech" imebaki bila arap kwenye sn. Ni kweli. Kwenye jina linaloonekana ipo.

Swali jipya limeibuka hapo hapo. Nina watu wawili wenye majina matatu yanayofanana herufi kwa herufi, wote maabara.

#32 SevaYaNakuru

Wote maabara? Weka picha.

#33 KaraniWaMafaili

Picha haisaidii kwenye orodha ya zamu iliyochapishwa. Sisi tuna jozi sita za namna hiyo na tunazitenganisha kwa mwaka wa kuajiriwa, kwa kalamu, kwenye jalada.

#34 SevaYaNakuru

#33 niko Nakuru pia, karibu na Section 58. Ningependa kuona hayo majalada kabla sijaandika programu nyingine. Alhamisi utakuwepo?

#35 KaraniWaMafaili

Nipo. Njoo saa nne, asubuhi kuna foleni. Na uache projekta nyumbani.